Kuimba hakukuzuii kugombea

Mdogo wangu wa Kizota, umeuliza kama kuimba kutakuharibia safari ya viti maalum, yaani nafasi za ubunge za wanawake. Hapana; Martha Mlata wa Singida aliimba injili na akawa mbunge wa viti maalum. Katiba inataka uwe na miaka 21, ujue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, na upendekezwe na chama. Hapo kwenye chama ndipo msanii hukwama: anajulikana redioni, lakini wajumbe wanaopiga kura za ndani hawajawahi kumwona kikaoni. Lipa ada ya uanachama, tunza risiti, hudhuria vikao vya tawi na kata kuanzia sasa. Muziki usiuache: jisajili BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), nyimbo zisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Na tafadhali, usitumbuize kampeni nzima bila mkataba wa maandishi.