Filamu Nzito, Bando Dogo: Majibu kwa Maswali Yenu

Barua za safari hii karibu zote zimeelekea upande mmoja: filamu za HD, na bando linaloyeyuka kabla filamu haijamaliza kushuka. Tumeziweka pamoja kwa sababu jibu la moja linasaidia kuelewa nyingine. Tunazungumzia filamu ulizolipia au ambazo wenyewe wanazitoa bure, kwani mtengeneza filamu naye anakula kwa jasho lake.

SWALI: Habari za kazi, wataalamu. Nilishusha filamu moja ya saa mbili kutoka sehemu mbili tofauti. Zote zimeandikwa 1080p, ila moja ina GB 1.4 na nyingine GB 9. Kama ubora ni uleule, kwa nini nimalize GB 9 za bando? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Ubora si uleule, ndugu yetu, na hayo maandishi 1080p ndiyo yanayowachanganya watu wengi. 1080p inakuambia ukubwa wa picha tu: pikseli, yaani nukta za picha, 1,920 kwa upana na 1,080 kwenda chini. Ni sawa na kuambiwa urefu wa kanga bila kuambiwa kama ni pamba au nailoni.

Kinachokula bando, na ndicho kinachobeba ubora, ni bitireti, yaani biti (chembe ndogo kabisa za data) ngapi zimetumika kuchora kila sekunde ya filamu. Unaweza kuijua kabla hujashusha chochote. Chukua ukubwa wa faili kwa GB, zidisha kwa 133, kisha gawanya kwa dakika za filamu. Unachopata ni megabiti kwa sekunde, zile Mbps. Faili lako dogo ni 1.4 × 133 ÷ 120, yaani Mbps 1.55 hivi. Lile kubwa ni 9 × 133 ÷ 120, karibu Mbps 10. Ukubwa wa picha ni mmoja, lakini faili la pili limepewa biti zaidi ya mara sita.

Tofauti usiitafute kwenye uso wa mtu aliyekaa anaongea. Hapo hata Mbps 1.5 zinatosha kulidanganya jicho. Itafute kwenye giza, moshi, mvua na maji. Simamisha filamu kwenye tukio la usiku. Anga iliyotakiwa kufifia taratibu kutoka buluu hadi nyeusi inageuka ngazi-ngazi, na kwenye kivuli cha ukuta utaona miraba midogo inayotetemeka kila kamera inaposogea. Nyasi zinakuwa kama zimepakwa rangi ya kijani kwa brashi. Hii ni kwa sababu kodeki, programu inayobana video, haihifadhi kila picha nzima. Inahifadhi picha moja kamili, halafu kwa picha zinazofuata inaandika mabadiliko tu. Mvua ikinyesha, kila kitu kinabadilika kwa pamoja, na kama biti ni chache inaanza kutupa vitu vidogo vidogo. Ndiyo maana katuni yenye rangi tambarare hubanwa sana na bado ikapendeza, ila filamu ya zamani yenye chembechembe za mkanda huharibika upesi.

Kodeki nayo ina uzito wake. H.264 ni ya 2003 na inachezwa karibu kila mahali. H.265 ya 2013 hufikia ubora unaokaribiana kwa takriban nusu ya biti, na AV1 ya 2018 hubana zaidi, ila inataka kifaa kipya. Kwa 1080p ya H.264, chini ya Mbps 2 usitegemee mengi kwenye filamu ya mapigano. Mbps 4 hadi 6 zinatosha runinga ya inchi 43 ukikaa mita mbili au zaidi. Kuanzia 8, wengi wetu hatutambui tofauti. Kama ni H.265, gawanya namba hizo kwa mbili. Kwa kulinganisha, diski ya Blu-ray inaruhusiwa kufika Mbps 40 kwa picha peke yake, na diski zenyewe zina nafasi ya GB 25 au 50.

Jambo tunalolisisitiza kuliko yote: bando likiwa dogo, shuka hadi 720p badala ya kung'ang'ania 1080p iliyobanwa mpaka ikakauka. 720p ina pikseli 921,600. 1080p ina 2,073,600, yaani mara 2.25. Biti zilezile zikigawiwa pikseli chache, kila moja inashiba. Kwa kodeki ileile, GB 1.4 ya 720p itakupendeza kuliko GB 1.4 ya 1080p.

SWALI: Nalipia intaneti ya Mbps 10 nyumbani, lakini nikishusha kitu kompyuta inaonyesha 1.1 MB/s. Naibiwa? – Msomaji, Mombasa

JIBU: Hapana, unapata haki yako. Angalia herufi. Mbps yenye b ndogo ni megabiti. MB/s yenye B kubwa ni megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Mbps 10 ukigawanya kwa 8 ni MB 1.25 kwa sekunde. Ondoa sehemu inayochukuliwa na anwani na taarifa nyingine zinazosafiri na kila pakiti, yaani kila kipande kidogo cha faili kinachopita mtandaoni, na 1.1 ni kasi ya kawaida kabisa. Kwa kasi hiyo faili la GB 4 litakuchukua saa moja na dakika chache.

SWALI: Shikamooni. Nilinunua bando la GB 5 ili nishushe filamu ya GB 4.7. Bando likakata filamu ikiwa asilimia 95. Hesabu yangu ilikosea wapi? – Msomaji, Bukoba

JIBU: Marahaba. Hesabu yako haikukosea; kompyuta na mtoa bando ndio wanaotumia vipimo viwili tofauti. Windows na tovuti nyingi huhesabu GB moja kuwa MB 1,024, na MB moja kuwa KB 1,024. Watoa huduma wengine huhesabu kwa elfu moja-moja, na jibu hukaa kwenye masharti ya bando. Ikiwa wako anahesabu kwa elfu, filamu ya GB 4.7 ya kompyuta ni karibu GB 5.05 za bando. Ongeza taarifa za njiani: kila pakiti ya baiti 1,500 hubeba angalau baiti 40 zisizo filamu, na ulinzi wa tovuti na pakiti zinazopotea na kutumwa upya huongeza kidogo. Weka asilimia 3. Jumla inafika GB 5.2, nawe ulikuwa na 5. Kwa hiyo asilimia 95 au 96 ndipo bando lilipotakiwa kukata.

Siku nyingine acha nafasi ya asilimia 10 juu ya ukubwa unaouona, na uzibe matundu mengine. Kwenye simu ya Android washa Kiokoa Data katika mipangilio ya mtandao. Kwenye Play Store zuia programu zisijisasishe zenyewe, na uzime uhifadhi wa picha mtandaoni mpaka filamu iishe. Tundu kubwa ni pale unaposhusha kwa kompyuta kupitia hotspoti ya simu: kompyuta inaona Wi-Fi tu, haijui kama nyuma yake kuna bando, na Windows inaanza kuvuta masasisho yake kwa raha zake. Fungua mipangilio ya Wi-Fi hiyo, ingia kwenye sifa zake, uwashe «Metered connection». Ifanye kazi hiyo kabla hujabonyeza kushusha.

Na lile faili la asilimia 95 usilifute! Chrome huliacha na mkia wa .crdownload, Firefox .part. Nunua bando dogo, fungua orodha ya vitu vinavyoshuka, bonyeza kuendelea. Litaanzia lilipoishia ikiwa seva inakubali kutoa faili kwa vipande na kiungo hakijaisha muda. Kiungo kikiwa kimeisha muda, kivinjari kitataka kuanza upya. Programu maalumu za kushusha mafaili zina sehemu ya kubandika kiungo kipya juu ya faili lilelile, na hapo ndipo zinapookoa pesa.

Kama kwenu kuna bando la usiku, lifanyie hesabu pia. Kutoka saa 6 usiku hadi saa 12 asubuhi ni saa sita. Kwa Mbps 3 tu utashusha kama GB 8, kwa Mbps 8 kama GB 21.6. Zuia kompyuta isilale yenyewe, kwa sababu ikilala, Wi-Fi nayo inakata.

SWALI: Simu yangu ina kioo cha Full HD na mtandao wangu ni mzuri, lakini Netflix inaonyesha picha ya ukungu. Tatizo ni nini? – Msomaji, Nairobi

JIBU: Anza na mtandao ili uondoe shaka. Netflix inashauri Mbps 3 kwa 720p, Mbps 5 kwa 1080p na Mbps 15 kwa 4K. Kama unazo, fungua mipangilio ya programu na utafute sehemu ya taarifa za uchezaji. Humo utaona Widevine, mfumo wa kulinda filamu zisinakiliwe, na ngazi ya simu yako. Ikiandikwa L1, simu inaruhusiwa HD. Ikiandikwa L3, utapewa ubora wa SD, ule wa chini ya HD, hata kioo kiwe kizuri vipi, na hakuna mpangilio wa kubadilisha hilo. Simu nyingi za bei ya chini ziko L3, na muuzaji dukani mara nyingi hajui. Ukienda kununua, iangalie hapohapo kaunta kabla hujatoa pesa.

Ikiwa ni L1, tazama ubora wa kushusha: ukiwekwa wa kawaida, filamu ulizozihifadhi zitaonekana hafifu. Kumbuka tu kwamba HD kwenye Netflix inaweza kula hadi GB 3 kwa saa, na 4K hadi GB 7.

SWALI: Flashi yangu ya GB 32 haina kitu, lakini inakataa faili la GB 6. – Msomaji, Tanga

JIBU: Imepangwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga mafaili ambao haupokei faili moja linalozidi GB 4. Kwa kuwa haina kitu, iformati tu kwa mfumo mwingine, exFAT. Runinga yako ikishindwa kuisoma, jaribu NTFS.

SWALI: Nikiweka filamu kwenye runinga kwa flashi napata picha bila sauti. Kwenye kompyuta sauti ipo. – Msomaji, Mwanza

JIBU: Karibu kila mara ni sauti iliyobanwa kwa mtindo wa DTS, ambao runinga nyingi haziwezi kuucheza. Fungua filamu kwa VLC, programu ya kuchezea video, kwenye kompyuta, bonyeza Ctrl+J, usome aina ya sauti. Ukikuta DTS, huna haja ya kushusha faili jingine. Kwa ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa amri za kuandika, badilisha sauti tu na uiache picha ilivyo (weka jina la faili lako penye filamu.mkv):

ffmpeg -i filamu.mkv -map 0 -c copy -c:a aac -ac 2 -b:a 160k filamu2.mkv

Kwa kuwa picha haiguswi, kazi hii huisha kwa dakika chache na ubora wa picha haupungui hata kidogo. Faili nalo litapungua uzito. Sauti ya njia sita kwa kilobiti 640 inachukua MB 576 kwenye filamu ya saa mbili, wakati hii ya kilobiti 160 ni MB 144. Kama nyumbani unasikilizia spika za runinga yenyewe, ule uzito wa ziada ulikuwa haukufaidii.

Ikiwa sauti ipo na picha ndiyo haipo, runinga imeshindwa kodeki, mara nyingi H.265, hasa ile ya biti 10. Hapo ama utafute toleo la H.264, ama uibadilishe picha, kazi ya saa kadhaa kwa kompyuta ya kawaida.

SWALI: Tulipigiwa video ya harusi ya mdogo wangu. Ina saa tatu na GB 18, picha ya 1080p. Nataka kaka aliye Kanada aione vizuri. Nilimtumia kipande kwa WhatsApp kikafika kimefifia. – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hongera kwa harusi. WhatsApp huibana upya video yoyote inayotumwa kama video. Ukiituma kama hati haiguswi, ila mwisho wake ni GB 2 kwa faili.

Faili lako ni 18 × 133 ÷ 180, yaani Mbps 13.3, na hiyo inatosha kubanwa bila kuiumiza. Hilo la GB 18 lihifadhi kwenye diski, usilifute, kwa sababu ndilo asili. Kisha ufungue HandBrake, programu ya kubana video, nayo ni ya bure. Chagua H.265, acha 1080p ilivyo, weka kipimo cha ubora, RF, kwenye 22. Kwa 1080p watengenezaji wake wanashauri kati ya 20 na 24, na namba ikipanda ubora unashuka. Kabla ya kubana saa zote tatu, jaribu dakika mbili za ukumbini wakati taa za rangi zinazunguka na watu wanacheza. Hapo ndipo video ya harusi huvunjika kwanza. Vazi la bibi harusi nalo litazame kwa karibu: lesi nyeupe ikigeuka kitambaa kisicho na ua, teremka hadi RF 20.

RF haikuahidi uzito kamili. Ukitaka kujua GB kabla, chagua bitireti ya wastani ya kilobiti 3,000 kwa mizunguko miwili, yaani programu iipitie video mara mbili. Pamoja na sauti ya 160, video yote itakuwa karibu GB 4.3. Ipandishe kwenye hifadhi ya mtandaoni yenye nafasi, umtumie kaka kiungo. Kasi ya kupandisha huwa ndogo kuliko ya kushusha, kwa hiyo ipime peke yake. Kwa Mbps 2, hizo GB 4.3 zitachukua karibu saa tano. Zile GB 18 zingechukua saa ishirini, na umeme ungekatika katikati.