Kabla ya Kuchagua Jukwaa la Blogu, Jaribu Kuhama

Anayeanza tovuti yake binafsi kwa kawaida huuliza ni jukwaa gani lenye sura nzuri na lipi lililo rahisi kutumia. Nami niliuliza hayohayo, na kwa miaka kadhaa sikuona kasoro yoyote, hadi kampuni iliyohifadhi makala zangu ilipotangaza kwamba inafunga huduma yake. Nilibonyeza kitufe cha kupakua, nikapata faili moja ya XML (aina ya faili ya maandishi ya kuhamishia data), nikaiweka nikiamini kazi imekwisha. Nilipokuja kuifungua, seva za kampuni ile, yaani kompyuta zilizobeba tovuti, zilikuwa zimeshazimwa. Maandishi yote yalikuwamo, pamoja na tarehe na maoni ya wasomaji, lakini mahali pa kila picha palikuwa na anwani tu, iliyoelekeza kwenye seva zilezile ambazo hazikuwapo tena. Picha zile sikuzipata hadi leo.

Kwa hiyo, swali ninalomsihi mgeni alitangulize ni hili: siku nikitaka kuondoka, nitaondoka na nini? Fungua akaunti, andika makala mbili za majaribio, moja ikiwa na picha na nyingine ikiwa na kiungo cha kuifikia ile ya kwanza, kisha pakua kila kitu na ukipandishe kwenye jukwaa jingine kabla hujampa mtu yeyote anwani yako. Angalia kama picha zimehama zenyewe au zinaendelea kuvutwa kutoka kule ulikotoka, na kama kiungo kinafika. Wala usidhani kwamba ukubwa wa kampuni ni kinga, kwani Posterous, jukwaa la blogu, ilinunuliwa na Twitter mwaka 2012 na mwaka uliofuata ikafungwa.

Jambo la pili ni jina la kikoa, yaani anwani ambayo wasomaji huiandika ili kuifikia tovuti yako. Lisajili kwa jina lako mwenyewe, ikiwezekana kwa msajili asiye mwenye jukwaa, ili ukihama wasomaji waendelee kukufuata kwa anwani ileile. Muundo wa anwani za makala nao una uzito wake: ukibadilika, viungo vyote ambavyo watu wengine wameviweka kwenye tovuti zao huvunjika, isipokuwa uwe na uwezo wa kuweka maelekezo ya kudumu kutoka anwani ya zamani kwenda mpya, uwezo ambao majukwaa mengi ya bure hayautoi.

Kuhusu majukwaa yenyewe, wageni wengi huchanganya vitu viwili vinavyoitwa WordPress. WordPress.com ni huduma inayokutunzia tovuti, ilhali programu huria inayopatikana WordPress.org, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, huisimika mwenyewe kwenye seva yenye PHP (lugha ya programu ambayo WordPress imeandikwa kwayo) na hifadhidata (mahali makala zinapotunzwa). Hiyo ya pili inakupa uhuru mkubwa, lakini ni lazima uisasishe pamoja na programu-jalizi zake (viongezo vinavyoipa kazi mpya), kwa sababu programu-jalizi iliyosahaulika ndiyo mlango ambao wavamizi huupenda. Blogger, ambayo Google iliinunua mwaka 2003, ni ya bure na hukuruhusu kutumia kikoa chako, ingawa nafasi ya kuibadilisha ni finyu zaidi.

Mimi niliishia kwenye Hugo, programu ya kutengenezea tovuti ambayo, kama nyingine iitwayo Jekyll, haihitaji hifadhidata. Kila makala ni faili ya maandishi iliyo kwenye kompyuta yangu, picha zake zikiwa kwenye folda hiyohiyo, na programu huzigeuza kuwa kurasa za HTML ambazo seva yoyote inaweza kuzibeba. Gharama yake ni kujifunza kutumia amri kwa kuziandika, na maoni ya wasomaji huhitaji huduma ya pembeni. Kama hilo linakutisha, chukua huduma ya WordPress pamoja na kikoa chako na uanze kuandika leo, mradi kila mwezi upakue nakala rudufu, uifungue, na uhakikishe kwa macho yako kwamba picha zimo.