Pointa haichapwi kwa %d, wadogo zangu

Kila mwaka, TP (kazi za vitendo) za pointa za C, yaani vigeu vinavyoshika anwani za kumbukumbu, zikifika, ripoti zinarudi na anwani hasi. Anwani ya kumbukumbu ina alama ya kutoa mbele, na mwenye kazi ameinakili bila kushtuka, akaipigia mstari kwa kalamu nyekundu. Ukichunguza, ni programu ileile imezunguka kwenye flash kutoka Himbi hadi Katindo, mitaa ya Goma. Sasa sikilizeni, ninyi wa L1, mwaka wa kwanza.

1. Anwani huchapwa kwa `%p`, na unachoipa `printf` kiwe `void *`:

`printf("%p\n", (void *)&n);`

Basi. Lakini wengi bado wanaandika `%d`, fomati ya int, kwa hiyo tuangalie inachofanya. Kwenye Linux ya biti 64, int ina baiti 4 na pointa ina 8. Tuseme kigeu n kimekaa kwenye 0x7ffd3a1c9e4c. Ukitumia `%x`, fomati ya heksadesimali, kwa kawaida utapata 3a1c9e4c. Ile 7ffd ya mbele, ambayo ndiyo ingekuonyesha kwamba uko kwenye steki (sehemu ya kumbukumbu ya vigeu vya ndani ya funksheni), imekatwa. `%d` itakupa 974954060, namba safi kabisa usoni. Endesha tena: ASLR, yaani mbinu ya mfumo ya kubadilisha anwani kila programu inapoendeshwa, imehamisha steki, safari hii nusu ya chini imekuwa e41c9e4c, na `%d` inatoa -467886516. Hapo mtu anakuja mbio kuuliza kama RAM yake imekufa. RAM ni nzima, kaka.

Kosa hili linajificha vizuri zaidi kwenye safu ya int. Chapa `&t[0]`, `&t[1]` na `&t[2]` kwa `%d`: zinaachana kwa 4, kama mlivyofundishwa, na roho inatulia. Tofauti imetoka sahihi kwa sababu pande zote zimekatwa sehemu ileile. Kisha unalinganisha pointa ya `malloc` (kumbukumbu unayoiomba programu ikiendeshwa) na ya steki, zote zimekatwa, na unaandika kwamba ni majirani, wakati moja inaanzia 0x55 na nyingine 0x7ff. Na kwa kanuni za C, fomati isiyolingana na aina haina matokeo yaliyoahidiwa, kwa hiyo hata hiyo namba ya uongo si haki yako.

Wajanja wanahamia `%lx`, heksadesimali ya long. Kwenye Linux ya biti 64 inaonekana sawa, kwani long ina baiti 8. Flash ikifika kwa mwenzako wa Windows, long ni baiti 4 hata mashine ikiwa ya biti 64, na ubishi unaanza: mashine ya nani mbovu?

2. Hiyo kasti (kugeuza aina) ya `(void *)` si urembo. `printf` inapokea hoja za aina yoyote baada ya fomati, na hakuna anayekugeuzia `int *` kuwa `void *`. Kompailieni kwa `gcc -Wall -Wextra -Wpedantic`, na msifunge macho kwa sababu tu programu imeendeshwa. Onyo linataja mstari na hoja yenyewe. Kulisoma ni sekunde tano.

3. Sura ya `%p` inategemea mfumo. Linux huandika 0x na herufi ndogo, na NULL hutoka kama (nil). Windows ya biti 64 huandika tarakimu 16 kwa herufi kubwa, bila 0x. Msisahihishane kwa hilo. Mkitaka umbo moja kila mahali, wekeni `<inttypes.h>`, kisha:

`printf("0x%" PRIxPTR "\n", (uintptr_t)p);`

4. Tofauti ya pointa mbili ni `%td`, `sizeof` ni `%zu`. Wa Code::Blocks yenye MinGW (kompaila ya C ya Windows) ya zamani, mkiona "zu" tupu kwenye skrini, andikeni `#define __USE_MINGW_ANSI_STDIO 1` juu ya `#include` ya kwanza.

5. Kwa `int t[10]`, `t` na `&t` hutoa anwani ileile, lakini `t+1` inaruka baiti 4 na `&t+1` inaruka 40. Chapeni zote nne mara moja kabla umeme haujakatika.

6. Anwani za ndani ya gdb, programu ya kutafuta makosa, hazifanani na za terminali kwa sababu gdb huzima ASLR yenyewe. Mkitaka kuizima nje ya gdb ili ripoti isibadilike kila mkiendesha: `setarch $(uname -m) -R ./tp3`.