Jibu: Kwa nini nikitazama mashindano ya kupunguza uzito najiona mzembe?

Unasema unapunguza kilo 2 kwa mwezi; huo si uzembe hata kidogo. Unajilinganisha na kitu kisicho cha kawaida. Washiriki wa mashindano hayo hufanya mazoezi saa nyingi kila siku, na mtu akijikausha maji kabla ya kupimwa, kila lita 1 ya jasho inaondoa kilo 1 ambayo si mafuta. Utafiti wa Marekani wa 2016 uliwafuatilia washiriki 14 wa The Biggest Loser, kipindi cha runinga cha kushindana kupunguza uzito. Miaka 6 baada ya shindano, kwa wastani walisharudisha kilo 41 kati ya 58 walizopunguza, na miili yao ilichoma takriban kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. (Sehemu hiyo haikupigiwa makofi.) Kipindi kikikuacha unajichukia, kizime. Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi, kabla ya kula.