Huyu ndege wa kichwa cheusi anayetuamsha ni nani?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Nipo Moshi, Soweto. Kwenye mpera wetu kuna ndege anaanza kuimba saa kumi na moja alfajiri kabla hata hakujakucha, kichwa cheusi, mgongo kahawia, tumbo jeupe, mwenyewe mdogo ila sauti sasa! Juzi mchana walikuwa wawili wanapiga kelele kama wamechanganyikiwa. Na mapapai yangu wanayatoboa. Ni ndege gani, na nimfukuzeje?

JIBU: Huyo ni shore, wengine humuita shorewanda. Ili uwe na uhakika mvizie akiwa ametua tawini na wewe uko chini yake, utaona pale mkia unapoanzia, upande wa chini, pana manjano kama amekalia kiini cha yai. Kichwani manyoya yanasimama kidogo. Na usihangaike kutafuta yupi dume yupi jike, wanafanana kabisa.

Zile kelele za mchana sio wimbo, hapo wanagomba. Wakiona nyoka, bundi au paka wanamzunguka na kumpigia kelele mpaka aondoke, na ndege wengine wanakuja kusaidia. Mimi hapa Arusha siku moja niliwasikia kwenye ua wa michongoma nikapuuza, wakazidi, nikaenda kuchungulia nikakuta paka kajibanza kwenye majani na kinda la shore liko hatua mbili tu mbele yake, mkia haujaota vizuri. Tangu siku hiyo nikisikia kelele zile natoka kuangalia, na wewe hasa kama una watoto wanacheza uani usipuuze, inaweza kuwa nyoka.

Mapapai ni kweli anayapenda, mapera pia. Chuma papai likianza tu kupiga manjano ulimalizie kuivisha ndani, ya juu yafunike na salfeti. Lakini kumfukuza naomba usimfukuze jamani, huyo huyo anakula wadudu wa bustani yako na makinda yake anayalisha wadudu.

Halafu kabla hujapunguza matawi ya huo mpera, angalia kwenye panda. Kiota chake ni kama kikombe chembamba cha vijiti na nyasi, mayai huwa mawili au matatu, ya pinki yenye madoa, na yanaatamiwa kama wiki mbili. Ukimuona anaingia na mdudu mdomoni basi makinda yapo, panga liweke chini kwanza wiki mbili tatu.