Mwezi ngapi leo?

Swali lenu la wiki hii: "Ukipanga matembezi ya siku moja, unaanza na nini?" Najua wengi watataja pesa. Mimi ni wa Lamu, naanza na mwezi, yaani siku ngapi tangu mwezi kuandama, na hilo sikuzaliwa nalijua. Nilifunzwa na tope.

Desemba 2023 walikuja shemeji zangu kutoka Nakuru, nikataka kuwapeleka Takwa, ule mji wa kale kisiwani Manda. Nikakodi mashua ya tarehe 27, tuondoke saa mbili asubuhi kabla jua halijawa kali. Usiku wa kuamkia siku hiyo ami yangu, mtu wa bahari tangu ujana, akaniuliza, "Kesho mwezi ngapi?" Nikamwambia tarehe ishirini na saba. Akanitazama kama mtu aliyeuliza njia akatajiwa bei ya samaki. "Kesho mwezi kumi na nne," akajijibu mwenyewe. "Mtapwelewa, maji yatawatoka chombo kikwame."

Nikacheka. Nahodha wetu, kijana mwenye haja na kazi, hakusema neno.

Takwa huingiwa kwa mto wa maji chumvi unaopenya ndani ya mikoko, karibu ukikate kisiwa cha Manda vipande viwili. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo ni bamvua: maji hujaa sana, na hukupwa sana. Kwetu siku hizo maji hujaa kama saa kumi, alfajiri na jioni, na kufikia saa nne asubuhi yamekauka. Kwa hiyo sisi tukiingia mtoni, maji yalikuwa yanatoka tangu alfajiri, na saa ya tatu na ya nne ya kukupwa ndizo maji hukimbia hasa. Nahodha akapiga upondo, akashuka, akasukuma, tope likamfika mapajani. Punde mashua ikalala ubavu na sisi ndani yake. Biriani ya mchana tukaila saa nne, sahani tumezishika mkononi zisiteleze. Tope likialika tik tik chini ya mikoko, kaa wakitutazama, usubi wakila wao. Shemeji mmoja alivaa raba nyeupe, sitaeleza zaidi. Maji yalipotuinua karibu na adhuhuri, hakuna aliyetaka tena kusikia habari za magofu.

Sasa napanga kinyumenyume, kuanzia saa ya kutoka mtoni. Maji huchelewa kama dakika hamsini kila siku, basi mwezi kumi au kumi na moja hujaa mchana, baina ya saa sita na saa nane. Nikirudi nyuma zaidi, mwezi nane au tisa, ni maji mafu, mto haujai vizuri. Naingia maji yakiwa bado yanajaa, maana ukigusa fungu la mchanga wakati huo, ngoja kidogo utaelea mwenyewe. Ukigusa yakikupwa, tandika mkeka. Na saa moja baada ya maji kujaa, nataka kila mtu awe chomboni, hata anayepiga picha.

Muda huo unatosha kuona msikiti wenye nguzo juu ya kibla, na kaburi la nguzo lenye mwaka 1094 wa Hijria, yaani 1683. Mji wenyewe ulihamwa karne hiyo hiyo. Ukiwa na miguu mizuri, utavuka hadi upande wa bahari kuu.

Mengine ni mafupi. Maji ya kunywa beba, huko hakuna duka. Jaketi za kujiokolea zihesabu mwenyewe, usikubali kuambiwa "zipo". Upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu, ahirisha.

Simu yangu sasa ina jedwali la maji, lakini bado napita kwa ami kwanza. Shemeji wa raba ameniandikia kwamba anataka kuja tena Agosti. Nimemwambia asikate tikiti ya basi mpaka nimhesabie mwezi, na safari hii avae ndara.