Barua ya "mzabuni mmoja" siirushi WhatsApp

Juzi mdogo wangu mmoja wa kazi, yuko halmashauri moja huko Tabora, kanitumia ujumbe: "Kaka shikamoo. Nirushie sampuli ya ile barua ya kuhalalisha mzabuni mmoja, tunataka redio kolu za dharura."

Marahaba mdogo wangu. Sampuli ya barua hiyo, ya kueleza kwa nini ununue kwa muuzaji mmoja bila kushindanisha wengine, sikupi. Nitaeleza hapa na wenzako wafaidike, maana maafisa ununuzi wengi tunalia kilio kimoja.

Anayeijua Kigoma anajua kwamba ukitoka mwalo wa Kibirizi ukashuka kusini hadi Kalya, kuna sehemu milima imesimama juu ya maji na simu inakata kabisa. Boti ikipata shida huko, tegemeo ni redio. Ofisi niliyokuwa naihudumia ilikuwa tayari na repita ya kidijitali mlimani, yaani mtambo unaopokea sauti za redio na kuzirusha mbali zaidi, ikataka redio zaidi kabla ya masika. Idara tumizi wakaniletea mistari mitatu: kampuni fulani ni zoefu, ni aminifu, na muda hautoshi. Nikairudisha. Nikaitwa mkwamishaji. Kuna mkubwa alipita akinong'ona kwamba nimeshakula kwa mzabuni mwingine. Neno hilo linaniuma mpaka leo, na najua anasoma hapa.

Nikamwomba fundi aazime redio ya muuzaji mwingine, aiwekee masafa yetu, tukaijaribu. Sauti ikapita safi! Mfumo wetu ulikuwa DMR, aina ya redio za kidijitali, na DMR ni kiwango cha wazi cha ETSI, taasisi ya viwango vya mawasiliano ya Ulaya, kimetolewa 2005; mtengenezaji yeyote anaweza kukifuata. Kwa hiyo ile habari ya "redio nyingine haziongei na zenu" mara nyingi ni maneno ya muuzaji. Fundi akahamia chaneli ya siri. Ikawa mchakarisho mtupu, utadhani dagaa wametiwa kwenye mafuta ya moto. Nikacheka peke yangu, fundi akanishangaa. Usimbaji wetu, yaani ule ufungaji wa sauti ili wengine wasisikilize, ulikuwa wa mtengenezaji mmoja, na sasa nilikuwa na ushahidi, sikuwa na porojo.

Nikagawa mahitaji. Redio za waokoaji wanaotumia chaneli ya siri, kwa mwenye mfumo. Redio za kawaida za boti na vijiji, tukaalika wauzaji wachache wenye vifaa vilivyoidhinishwa na TCRA, mamlaka ya mawasiliano, washindane. Bodi ya zabuni ikapitisha. Wakaguzi wamekuja mwezi uliopita, hawakuniachia hoja hata moja. Acheni nijisifu kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri. Maelezo ya kubana ushindani si barua ya kumsifu mzabuni. Onyesha wengine wanashindwa wapi, na nani amepima. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 inatambua dharura, lakini bajeti inayoisha Juni si dharura, na masika si mgeni, huja kila mwaka. Marekani waliliweka hilo kwenye sheria yao ya 1984 ya ushindani katika mikataba ya serikali: kutopanga mapema si sababu ya kukwepa ushindani. Hata FirstNet, mtandao wao wa taifa wa zimamoto, polisi na waokoaji, ambao kwa asili yake ni mmoja tu, waliutangazia zabuni, kampuni ya simu ya AT&T wakapewa 2017 kwa miaka 25. Wewe redio za kata unataka kumpa mtu mkononi kwa sababu ni "mzoefu"?

Tena narudia, usimsifu mzabuni. Na ukipata kibali cha dharura, nunua kinachotosha dharura hiyo. Matengenezo ya miaka mitatu ukiyachomeka humo ndani, umejiandikia hoja ya ukaguzi kwa mkono wako. Hayo yapeleke NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi mtandaoni, zabuni ya wazi, kila mtu aone.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla hujaniandikia tena, mwulize fundi wenu repita ni ya kiwango gani, mnatumia usimbaji au hamtumii, na leseni ya masafa inaisha lini. Ukiwa na majibu hayo nipigie jioni, tutaiandika pamoja kwenye simu.